Kupika bila kuonja: kwa wewe unayeachiwa jiko la Kigujarati

Mimi ni mtoto wa Tanga, na kwetu mchuzi huonjwa. Unachota kwa mwiko, unadondoshea kiganjani, unalamba, unaongeza chumvi, unalamba tena. Siku ya kwanza nilipoachiwa jiko la wakwe zangu huku Jamnagar, jimbo la Gujarat, India, nilifanya hivyohivyo. Ba, mama yake mume wangu, alikuwa amekaa mlangoni, goti limetoka kupasuliwa, ananitazama. Hakunifokea. Alisema tu kwamba ile dali tutakula mimi na yeye, na nibandike nyingine.

Kosa langu lilikuwa hili. Katika nyumba ya Kivaishnava kama hii, yaani ya Wahindu wanaomwabudu Vishnu na Krishna, chakula kikiiva hupakuliwa kidogo kwenye sahani ndogo kikawekwa mbele ya madhabahu ya Krishna. Kikishatolewa hapo kinakuwa prasad, chakula kilichobarikiwa, ndipo watu wanakula. Mpishi akionja kabla, amempa Mungu makombo. Na makombo hapa ni neno zito: chochote kilichoguswa na mate huitwa ethu, na kijiko kilichoingia kinywani hakirudi chunguni hata kama ni wewe peke yako utakayekula.

Si nyumba zote za Kihindi ziko hivi, wala si zote za Kigujarati. Kuna zinazoonja kama sisi, kuna zinazokula nyama, kuna za Kijaini, dini nyingine ya huku, ambako hata kiazi na kitunguu haviingii kwa sababu vinang'olewa ardhini na mizizi yake. Kwa hiyo uliza kabla hujashika mwiko. Uliza pia wanaoga kabla ya kuingia jikoni, na mwanamke akiwa kwenye siku zake inakuwaje. Nyumba nyingine siku hizo hakanyagi jikoni kabisa. Mimi jambo hilo silipendi na mume wangu anajua, lakini ni afadhali ulijue mapema kuliko kuambiwa mbele ya wageni.

Wenzangu mliokulia pwani, kumbukeni Ramadhani. Mama zetu na majirani zetu hupika futari mwezi mzima wamefunga, na uji hautoki chapwa. Wanapimaje? Kwa mkono, kwa pua, kwa mazoea ya sufuria ileile. Huku ni hivyo, ila mwezi wenyewe hauishi.

Mimi nilianza na vipimo. Ba hupima kwa kibakuli kimoja cha chuma, na nilipobadilisha kibakuli nilipotea. Kwa kikombe kimoja cha dali kavu natia chumvi kijiko cha chai kimoja na nusu, manjano nusu kijiko, sukari guru kipande cha ukubwa wa ndimu ndogo, na maji ya limau mwishoni moto ukishazimwa. Ndiyo, dali ya Wagujarati ina utamu, na wengi huitia na karanga. Usibishane nao. Dali yenyewe ni mbaazi, hizi hizi zetu zilizokobolewa na kupasuliwa; huku wanaziita tuvar, na nyingine hutoka Tanzania na Msumbiji. India ilipoweka kikomo cha kuagiza mbaazi mwezi Agosti 2017, wakulima wengi wa kwetu walibaki na magunia yao. Kila nikifungua mfuko nachungulia umeandikwa umetoka wapi.

Sufuria ya presha inahesabiwa kwa filimbi. Mbaazi zilizolowekwa nusu saa, filimbi 4. Wali, filimbi 2. Ukiwa unazungumza na simu utapoteza hesabu, na Ba kutoka chumbani atakuambia ni ya ngapi.

Baada ya hapo unapika kwa sikio. Vaghar, yaani mafuta ya viungo yanayomiminwa juu ya dali au kuanzishia mboga, ndiyo roho ya chakula hiki, na huchukua dakika moja tu. Mafuta yapate moto kwanza, kisha haradali. Itaanza kutatarika kama mvua ya mawe kwenye bati. Subiri. Mlio ukipungua, tia uzile, kisha chembe ya mvuje, kisha majani ya mchuzi, ujitenge kwa sababu yanarusha mafuta. Haradali isiyopasuka ni chungu, na iliyoungua ni chungu zaidi. Katikati yake pana sekunde chache, na hapo macho hayakusaidii sana kwa sababu haradali ni nyeusi tangu mwanzo. Sikiliza mlio.

Huo mvuje ulinichekesha. Kwetu nilimjua mvuje wa kufungiwa watoto wachanga kwenye kitambaa, kukinga kijicho na mashetani. Nilipoukuta kwenye kopo la viungo nikadhani mtu kauficha humo. Kumbe ndio unaoshika nafasi ya kitunguu na kitunguu saumu katika nyumba zisizovila, na pia unasaidia tumbo lisijae gesi kwa watu wanaokula kunde kila siku. Chembe kidogo mno, tafadhali. Ukizidisha, chakula kizima kinanuka mganga.

Lugha nayo itakutega. Ba alizaliwa Unguja, wazazi wake wakamleta huku mwaka 1964 akiwa mtoto. Kiswahili chake ni cha jikoni: sufuria, kisu, jugu, na mogo, ambao ni muhogo uliopoteza kiuno. Basi nilijiona nimeshafika. Siku moja akaniagiza kutoka kitandani niongeze mithu kwenye kari ya mtindi. Mume wangu akisifia halua husema ni mitho, tamu, nami nikajumlisha mwenyewe. Nikatia sukari vijiko 2. Kumbe kwa Kigujarati chumvi huitwa mithu, neno lilelile la utamu! Na kwa kuwa sikuruhusiwa kuonja, kari ile ilifika hadi mezani. Baba mkwe alikunywa bakuli zima kimya kimya, akauliza kama leo kuna sikukuu.

Rotli, chapati nyembamba ya huku, ndiyo itakayokutoa jasho. Ukija na ujuzi wa chapati za kwetu, za unga mweupe, zenye mafuta na matabaka, uweke kando. Rotli ni unga wa ngano nzima, maji, mafuta kidogo sana, basi. Unga ukishakandwa upumzike dakika 20 umefunikwa. Donge ni dogo, lenye ukubwa wa ndimu, na husukumwa hadi uone kivuli cha mkono wako upande wa pili. Haizungushwi kwa mkono: mti wa kusukumia ukiuegemeza upande mmoja zaidi, yenyewe huzunguka kwenye kibao. Mimi hilo lilinichukua miezi miwili, na kabla ya hapo rotli zangu zilikuwa ramani ya Afrika, ndivyo shemeji alivyoziita. Kwenye chuma, upande wa kwanza sekunde chache tu, mpaka vijipovu vichomoze. Upande wa pili uachie zaidi. Kisha unaitupa juu ya moto wenyewe, upande wa kwanza ukitazama chini, ijae upepo kama mpira. Isipojaa, kuna tundu, au ulisukuma pembeni nene na katikati nyembamba. Ikishuka, paka samli mara moja.

Sisi ni watu 6, na mchana peke yake zinatoka rotli 25. Hazipikwi zote kwanza. Watu wanakaa, wewe unapika, zinapelekwa moja moja za moto. Rotli huliwa na mboga kwanza, wali na dali huja mwisho, kwa hiyo usiharakishe kupakua wali kama ulivyozoea. Zitakazobaki usitupe: kesho asubuhi zikatwe vipande, zichemshwe kwenye mtindi uliozimuliwa maji, zitiwe vaghar. Mimi sasa huongeza 4 makusudi.

Kalenda itundikwe jikoni, ile ya Kigujarati yenye tithi, yaani siku za mwezi mwandamo. Ekadashi, siku ya kufunga, huja mara mbili kwa mwezi wa mwandamo, na siku hiyo anayefunga hali nafaka wala kunde, na chumvi yake ni ya mawe. Utapika viazi, karanga, na sabudana, zile punje nyeupe ambazo hapa India hutengenezwa kwa muhogo. Kumwambia Ba kwamba anafunga kwa mogo kulimfurahisha sana. Na katika Shravan, mmoja wa miezi ya kalenda hiyo, iko siku inayoitwa Shitala Satam, ambayo moto hauwashwi kabisa, hata wa chai. Kinaliwa kilichopikwa jana yake. Mwaka wa kwanza sikujua. Niliamka saa 11 alfajiri nikachemsha maziwa kama kila siku, nikamkuta Ba amesimama nyuma yangu na fimbo yake, mkono mdomoni.

Sasa goti limepona na jiko hajalidai. Huja tu kukaa mlangoni, akachambua majani ya uwatu.

Mpishi hula mwisho, kwa hiyo chakula chako utakijua kikoje wakati wengine wameshanawa. Usingoje hadi hapo. Unapopeleka rotli, tazama mikono. Baba mkwe akivuta limau, ukali haukutosha. Shemeji akimimina mtindi wa pili, pilipili imezidi. Wakifuata kikopo cha chumvi wawili kwa mpigo, punguza maji kesho au ongeza robo kijiko. Na Ba akisogeza bakuli apate dali tena bila kusema kitu, rudi jikoni uandike ulitia nini.