Mkono Unaocheza Baada ya Dawa

SWALI: Daktari, mume wangu ana miaka 39. Mwaka wa tatu huu mkono wake wa kulia ni mzito na unatetemeka, na kidole gumba cha mguu wa kulia hujikunja akitembea kwenda steji. Upande wa kushoto hauna neno. Tangu aanze vidonge vya levodopa, dawa ya ugonjwa wa Parkinson (maradhi ya ubongo yanayoleta kutetemeka na uzito wa viungo), anafunga vifungo vya shati mwenyewe, ila kama saa moja baada ya kumeza, mkono huo hujinyonganyonga pasipo yeye kutaka. Majirani wanasema ni pepo; mimi nashuku dawa. Aache? Mguu wake wa kulia ni mdogo tangu utotoni, huvaa namba 7 na wa kushoto namba 8, na mama mkwe asema alichelewa kulia alipozaliwa.
Mama wawili, Kayole, Nairobi

JIBU: Asiache, mama. Levodopa ikikatizwa ghafla, mwili waweza kukakamaa na kupandwa na homa ya kuhatarisha maisha. Hata hivyo hukukosea kuishuku: kujinyonganyonga kunakotokea dawa inapofikia kilele huitwa diskinesia, na mara nyingi daktari hukutuliza kwa kupunguza kipimo cha kila mara au kuongeza dawa nyingine, amantadini. Kidole kinachojikunja ni jambo jingine, distonia, yaani misuli kujikaza yenyewe, ambayo huweza kuletwa na Parkinson yenyewe hata kabla ya kidonge cha kwanza.

Lakini mimi nimesimama kwenye viatu, ulivyovitaja mwishoni kana kwamba havina uzito. Mwaka 1981 daktari Klawans wa Marekani alieleza aina adimu ya Parkinson, ambayo hubaki upande mmoja kwa miaka mingi, upande huohuo ukiwa mdogo kuliko mwenzake, na ambayo kwa kawaida huanza mapema na kwenda polepole. Kwa baadhi ya wagonjwa chanzo hudhaniwa kuwa ni ubongo kuumia wakati wa kuzaliwa, nao ubongo ukipigwa picha ya MRI huenda nusu yake iliyo mkabala na upande huo mdogo wa mwili ikaonekana imesinyaa. Siwezi kuthibitisha hayo kwa barua. Kwa umri wake ni lazima pia apimwe ugonjwa wa Wilson, ambao hulimbikiza madini ya shaba mwilini na una tiba.

Kwa wiki moja andika saa ya kila kidonge, saa mkono unapoanza kucheza na unapotulia, kisha umrekodi kwa simu, kwani kliniki huenda ikamkuta ametulia kabisa. Na siku ya kliniki abebe jozi ya viatu vyake vya zamani, daktari aone tofauti ya miguu ni ya tangu zamani.