Wafundishane, lakini nani ashike chaki?

SWALI: Nafundisha hisabati kidato cha kwanza hapa Kasulu, Kigoma. Wanafunzi hawapendi kurudia mada za nyuma. Nikisema wafundishane, wale hodari ndio wanaongea, wengine wanasinzia. Nifanyeje?

JIBU: Mwalimu, hodari huruka hatua kwa sababu kwake ziko wazi. Chaki mpe mwanafunzi wa kati, umtajie mada siku mbili kabla, nayo iwe finyu. “Sehemu” ni pana mno. “Kujumlisha sehemu zenye asili (namba ya chini) tofauti” inatosha.

Vikundi vya wanne, dakika 15. Chukua 2/3 + 1/4. Wengi wataandika 3/7, juu kwa juu, chini kwa chini. Anayefundisha asiseme tu “umekosa”. Aulize: 3/7 ni ndogo kuliko 2/3, umeongeza kitu ukapata pungufu? Swali hilo linafundisha kuliko kanuni. Ndipo watafute KDS (kigawe kidogo cha shirika) ya 3 na 4, yaani 12: 8/12 + 3/12 = 11/12.

Mwisho kila msikilizaji afanye swali jipya peke yake. Alama za mfundishaji zitokane na majibu ya wenzake. Hapo atarudia mada nyumbani bila kusukumwa. Wewe zunguka ukisikiliza, na uingilie pale tu kosa linapokubaliwa na kikundi kizima.