Jibu: Umeme wa karakana ya gereji nyumbani

Ndugu, umeuliza kama soketi moja ya gereji itatosha kompresa ya 2 HP, grinda na mashine ya kuchomelea. Haitoshi, na tafadhali usijaribu kwa eksitensheni. Soketi ya ampea 13 kwa volti 230 ni karibu wati 3,000 tu. Kompresa hiyo ni kama wati 1,500, lakini inapowaka huvuta mara kadhaa zaidi kwa muda mfupi. Mashine ya kuchomelea ndiyo mlaji mkubwa: ipe laini yake na breka yake (swichi inayokata umeme ukizidi).

Vuta waya wa milimita za mraba 10 kutoka meni swichi hadi boksi dogo la breka gereji. Wa 6 unaweza kuzidiwa mapema. Usisahau ethi (waya wa kupeleka umeme ardhini) na breka inayokata umeme ukivuja, maana sakafu ya gereji hulowa. Kazi hiyo mpe fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji Tanzania.