Kulainisha mwendo wa Datsun 240Z: anza na raba, springi zisubiri

Kosa langu la kwanza lilikuwa kununua springi. Nilikuwa na Datsun 240Z ya mwaka 1972, gari nililolitafuta kwa muda mrefu, na kila nilipotoka nalo Arusha kwenda Moshi nilifika mgongo ukiniuma na masikio yakivuma. Nikadhani, kama wanavyodhani wengi, kwamba dawa ya gari la spoti linalorusha abiria ni vifaa vipya vya spoti. Nikaagiza springi fupi zilizolishusha gari kiasi cha milimita 40, nikafunga bushi za poliyurethani, plastiki ngumu badala ya raba, kila zilipoingia, na nikaweka rimu za inchi 16. Gari lilipendeza sana likiwa limeegeshwa, lakini barabarani lilikuwa toroli.

Ilinichukua miezi kadhaa kuelewa nilichokuwa nimekifanya. Katika 240Z kila tairi lina mguu wake unaojitegemea, mbele na nyuma, na katika kila mguu shokapu imekaa ndani ya bomba la chuma huku springi ikiizunguka kwa juu. Ukiweka springi fupi bila kufupisha lile bomba, shokapu inaanza safari yake ikiwa tayari imezama, na nafasi iliyobaki kabla ya kugonga raba ya mwisho, ile inayoizuia isigonge chuma kwa chuma, inakuwa ndogo mno. Kwenye kila tuta gari langu lilikuwa linakalia raba hiyo. Abiria walilalamika kwamba springi ni ngumu, kumbe springi ilikuwa haijapata hata nafasi ya kufanya kazi. Juu ya hayo, kulishusha gari kulizinyanyua ncha za tairodi, fimbo za usukani zinazogeuza magurudumu, upande wa magurudumu, hivyo tairi la mbele lilipopanda kwenye tuta lilijigeuza lenyewe kidogo, nami nikawa napigana na usukani kwenye barabara iliyonyooka.

Inashangaza kwamba somo hili lilikuwa mbele ya macho yetu siku zote. Gari la aina hii ndilo Edgar Herrmann na Hans Schüller waliloshinda nalo Safari Rally mwaka 1971, na Shekhar Mehta na Lofty Drews wakaurudia ushindi huo nalo mwaka 1973. Ukizitazama picha za magari yale, yamesimama juu, matairi yana mashavu mapana, na kati ya tairi na matagadi kuna nafasi ya kupitisha mkono. Sisi tunalinunua kwa sababu ya sifa hiyo, kisha tunalishusha mpaka linaogopa tuta la mbele ya shule.

Kwa hiyo tulianza upya, mimi na fundi wangu, na safari hii tulianza na raba. Gari lenye umri wa nusu karne likirusha, mara nyingi lina raba zilizokufa: bushi za mikono ya chini, raba za juu ya shokapu zinazopokea uzito wa gari, bushi za fimbo za mbele, na raba inayoshikilia defu, kile kisanduku cha giya cha nyuma kinachogawa nguvu kwa magurudumu. Hii ya mwisho inawadanganya watu wengi. Ukisikia kishindo kimoja kizito nyuma unapoachia klachi, usikimbilie shokapu, bali ingia chini uitazame raba ya defu, kwa maana inapochanika defu huinuka na kugonga. Yangu ilikuwa imegawanyika vipande viwili, safi kabisa, kama iliyokatwa kwa kisu.

Poliyurethani niliitoa karibu yote. Sisemi ni kitu kibaya, kwani kwenye stabilaiza, ile fimbo inayozuia gari lisilale kwenye kona, naipenda na nimeiacha hapo. Tatizo ni kwamba haipindi kama raba, na kuna mahali ambapo kupinda ndiyo kazi yenyewe. Fimbo ya mbele, ile inayotoka kwenye mkono wa chini kwenda kushika fremu, hubadili pembe kila tairi linapopanda na kushuka. Bushi ikikataa kupinda pande zote mbili, inayopinda ni fimbo, na chuma kinachopindishwa mara elfu nyingi huchoka kikakatika. Fimbo hiyo ikikatika ukiwa umekanyaga breki, hutakuwa na muda wa kufikiri juu ya ulaini wa mwendo.

Kazi iliyotutoa jasho ni mikono ya nyuma. Kila mkono umeshikwa na pini ndefu inayopita chini ya mguu wa shokapu, yenye nyuzi pande zote mbili na kipini kidogo cha kuifunga katikati. Miaka hamsini ya maji na vumbi huigandisha pini hiyo ndani ya chuma kana kwamba imechomelewa. Upande wa kushoto ulitoka kwa siku moja, baada ya kulowekwa mafuta ya kulainisha kutu usiku kucha na kuvutwa kwa pula, kifaa cha kuvutia pini. Upande wa kulia fundi alikosa subira akaipiga nyundo kwenye ncha tupu, nyuzi zikatandazika kama kichwa cha uyoga, na tangu hapo haikuweza kutoka upande wowote. Tuliikata kwa msumeno, milimita baada ya milimita, tukichelea kugusa mguu wenyewe. Nakushauri uagize pini mpya mbili kabla ya kufungua nati ya kwanza, na usifikirie kuzirudisha za zamani hata zikitoka nzima.

Lipo jambo moja dogo ambalo gereji nyingi hulipuuza, nalo huua bushi mpya ndani ya miezi michache. Bushi ya raba ya mkono wa chini wa mbele imegandishwa kwenye bomba lake la ndani, kwa hiyo mkono unapocheza, raba hujisokota badala ya kuzunguka. Ukikaza bolti gari likiwa juu ya jeki na magurudumu yananing'inia, raba inakuwa imefungwa katika hali hiyo, na gari likishuka chini inabaki imesokotwa muda wote. Inavuta gari, inaongeza ugumu, mwishowe inachanika. Funga bolti kwa kuzishikiza tu, shusha gari mpaka libebe uzito wake, litikise mara kadhaa, ndipo ukaze.

Baada ya raba ndipo tukafika kwenye springi na shokapu. Nilirudi kwenye springi za urefu wa awali. Fundi wangu, ambaye huniita mzee ingawa nimemzidi miaka sita tu, aliomba zile fupi akazifanyie bawaba za geti, na sijui kama alikuwa anatania. Shokapu za aina hii huingizwa kama katriji ndani ya bomba na kufungwa kwa nati kubwa juu, na za mbele hazilingani na za nyuma, kwa hiyo zipime kabla ya kuondoka dukani. Mimina mafuta kidogo kwenye bomba kuzunguka katriji ili joto lipate njia ya kutoka. Kama unapata zinazoweza kurekebishwa, ziweke kwenye kiwango laini kabisa kwanza, uendeshe wiki nzima, kisha ongeza kidogo kidogo. Shokapu ngumu kuliko springi yake haitulizi gari, inazuia tu tairi lisirudi chini kwa wakati, na kwenye barabara ya vumbi yenye makunyanzi gari huzidi kuzama na kutetemeka. Na tafadhali, springi ibanwe kwa kibanio chake maalumu, si kwa waya wala mnyororo. Nimeona springi ikiruka hadi kwenye bati la gereji.

Tofauti kubwa kwa gharama ndogo ilitoka kwenye matairi. Zile 205/50 za inchi 16 zilikuwa na shavu la milimita 102, ilhali 195/70 za inchi 14 nilizoziweka sasa zina milimita 136, na tairi zima linakaribia sana kimo cha lile la kiwandani. Milimita hizo 34 za mpira na upepo ni springi ya bure. Najaza upepo 28, si 35 kama vijana wa vituo vya mafuta wanavyopenda.

Tulimalizia na wilialaimenti, yaani kuyapanga magurudumu yaelekee sawa. Mbele unarekebisha kwa tairodi, lakini nyuma kiwanda hakikuweka marekebisho yoyote, kwa hiyo vipimo vya nyuma vikikataa kulingana, kuna chuma kilichopinda. Kwangu mkono wa kulia wa nyuma ulikuwa umepinda kidogo, huenda kwa sababu ya nyundo ile ile, na ilibidi utafutwe mwingine.

Sasa gari linalipita tuta kwa mlio mmoja mzito na kutulia, badala ya kuruka mara tatu. Usukani bado unatikisika kidogo nikifika kilomita 90 kwa saa. Nashuku bushi za reki, kile kifaa cha usukani kinachosukuma tairodi, na nimeshaziagiza, za raba.