Mchango Umeliwa na Fanesi

Mama mdogo, ule ujumbe wako wa sauti kwenye grupu la familia nimeusikiliza mara tatu. "Mwenzetu kanunua jumba Marekani, leo laki tano ya harusi ya mdogo wake inamshinda." Halafu vicheko. Halafu shemeji akaibandika ile picha yangu ya mwezi wa sita, nimesimama mbele ya nyumba, majani ya kijani, shati jeupe. Sikutaka kujibu kwa sauti maana ningefoka, na wewe ni mama yangu. Kwa hiyo naandika.

Laki tano ilikuwepo. Imeliwa na fanesi.

Kamusi itakwambia fanesi ni tanuru, lakini tanuru ninalolijua mimi ni la kuchomea matofali kule Muheza. Hili la huku ni sanduku la bati, kimo chake kama friji, linakaa besimenti, chumba cha chini ya nyumba. Linachoma gesi na kupuliza hewa ya moto kwenye mikondo ya bati hadi kila chumba. Habari za baridi mmezisikia vya kutosha, sitawachosha. Niseme tu kwamba hapa Minneapolis, Januari 2019, ilifika nyuzi 33 chini ya sifuri, na baridi ikiwa kali namna hiyo, fanesi ikizima, haipiti siku maji yanaganda ndani ya kuta na kupasua mabomba. Huwezi kusema utatengeneza mwisho wa mwezi.

Yangu ilizima Jumapili. Nilikuwa nimetoka zamu ya usiku kule makao ya wazee, saa moja asubuhi, nafungua mlango, naona mvuke unanitoka mdomoni nikiwa ndani ya nyumba yangu. Watoto wamelala na makoti, kitanda kimoja na mama yao. Nikashuka besimenti, nikakalia ndoo ya rangi, nikaitazama inavyofanya. Kwanza feni ndogo ya moshi inavuma. Kisha kuna kidude kinaiva kuwa chekundu kama kaa la moto. Kisha gesi inashika, moto wa bluu, mzuri, unasema alhamdulillahi. Unahesabu. Ukifika saba, pap, umezima. Inajaribu tena, pap. Baada ya mara tatu ikasusa, kikabaki kitaa chekundu kinanikonyeza.

Fundi wa Jumapili alitaka dola 229 kabla hajagusa kitu. Hiyo ni hela ya kupiga hodi. Siku ya kazi ingekuwa karibu nusu yake. Akafungua skrubu moja, akachomoa kijiti cha chuma chembamba kama sindano ya kufumia, akakisugua, akakirudisha. Dakika kumi na mbili, jumla dola 340. Kazi ya kijiti hicho ni kuhisi kama moto umewaka kweli. Kikiota utando hakihisi kitu, basi mashine inafunga gesi ili nyumba isije ikalipuka. Unajua alikisugua na nini? Stilwaya, Mama mdogo. Ndugu yake na hiyo uliyonayo hapo kwenye karo.

Hiyo ilikuwa ya kwanza. Wiki mbili baadaye ikafa mota ya feni kubwa, na hii sina wa kumlaumu. Kuna chujio la hewa, kama fremu ya picha iliyojazwa karatasi, bei yake dola kumi hivi, na linatakiwa kubadilishwa kila baada ya mwezi mmoja hadi mitatu. Mimi nilikuwa na miezi kumi na minne kwenye nyumba ile na sikujua hata linakaa wapi. Fundi alipolichomoa lilikuwa limeota manyoya kama paka. Mota ilikuwa inavuta hewa kama mgonjwa wa pumu, mwaka mzima, mpaka ikachoka. Dola 870.

Kisha fundi yuleyule akamulika tochi ndani, akatikisa kichwa. Akasema chuma kinachotenganisha moshi na hewa tunayovuta kimepata ufa, sumu ya moshi itatuua usingizini, suluhisho ni fanesi mpya, dola 7,400, na karatasi za mkopo anazo hapo hapo. Nilishika kalamu. Wallahi nilishika kalamu. Mke wangu ndiye aliyeniambia tuite mwingine. Wa pili alichukua dola 95, akaingiza kamera, akaweka kipimo cha hewa: kutu tu, ufa hamna, sumu sifuri. Huenda yule wa kwanza alikosea kwa nia njema. Huenda.

Jumlisha. Dola 1,305, zaidi ya shilingi milioni tatu za huko. Kwa mshahara wangu ni kama zamu kumi za usiku, kugeuza wazee na kubadilisha nepi za watu wazima, ili nyumba ibaki na joto lile ambalo nyie mnalipata bure na mnalilalamikia.

Sasa hili ndilo lililonikaa kooni. Mwezi wa kumi kulikuwa na fundi wa kukagua kabla ya baridi, dola 129. Angekisugua kile kijiti, angeniuliza habari za chujio. Hela ilikuwa mfukoni. Siku ileile mkapiga simu kuhusu paa la kwa bibi, nikatuma, nikamwambia fundi mwakani. Sisemi hivi ili mjisikie vibaya. Ningeweza kusema sina. Sikusema, kwa sababu mtu aliyepiga picha na shati jeupe hawezi kusema hana dola 129. Ile picha niliituma mimi, hakuna aliyenilazimisha. (Na ile methali ya ufa na ukuta naijua, msinitumie.)

Shemeji, wewe unayejiandaa kuja na tayari unaulizia bei za nyumba. Usinunue. Panga nyumba, fanesi ikifa umpigie mwenye nyumba simu, ulale na blanketi mbili umtukane kimoyomoyo. Lakini kodi nayo inapanda kila mwaka na huachi kitu, kwa hiyo ukipata nafasi nunua, ila kabla hujasaini shuka besimenti. Uliza fanesi ina miaka mingapi. Zinaishi miaka 15 hadi 20. Yangu ni ya 2004, nilijua, nikajifanya sijui kwa sababu jiko la nyumba ile lilikuwa zuri. Watu wenye akili wanasema kama imepita miaka 15 na matengenezo yanafika nusu ya bei ya mpya, usitengeneze. Mimi nimeweka mota mpya kwenye kizee cha miaka ishirini na ushee. Ningefanyaje, elfu saba ningeitoa wapi?

Ikiwa mpya, andikisha waranti, yaani dhamana ya kiwanda, mapema. Vipuri mara nyingi hulindwa miaka 10, ila ufundi unalipa mwenyewe, na ufundi ndio ghali. Usimwite fundi kabla hujaangalia chujio, betri za kile kidude cha ukutani cha kupangia joto, na swichi. Ukisikia harufu ya gesi, hayo yote yaache, toa watoto nje, piga simu ukiwa barabarani. Na hata ikiwa baridi ya kufa, usiwashe mkaa ndani. Kwetu tunawajua waliolala na jiko la mkaa na hawakuamka. Huku madirisha yamezibwa mara mbili, ni mbaya zaidi. Nunua king'ora cha hewa ya sumu kabla ya televisheni.

Tena, hapa Minnesota kuna sheria kwamba kuanzia tarehe 1 Oktoba hadi 30 Aprili wasikukatie gesi kirahisi kama umekubaliana nao namna ya kulipa. Gesi itakuja, mota ndiyo haina sheria. Upo pia msaada wa serikali kwa wenye kipato kidogo, na mwenye nyumba anaweza kusaidiwa hadi kutengeneza fanesi. Fomu niliichukua. Ilipofika kwenye kuandika kipato nikaifunga, nikaona aibu, mwenye jumba zima anaomba. Wewe usione aibu, jaza.

Mama mdogo, laki mbili nitatuma Ijumaa mshahara ukiingia. Mkabidhi bibi harusi mwenyewe, usitangaze grupuni. Au tangaza, basi, lakini useme ni laki mbili, usiniongezee.

Sasa ni saa tisa usiku, nje ni hasi 19, leo sina zamu na usingizi hauji. Fanesi hiyo imeanza kuvuma. Moto umeshika. Nne, tano, sita, saba, nane.