Soksi za kufuma kwa mkono zinadumu?

Dada umeuliza kama soksi za mkono zinadumu kweli ama ni bei tu. Zinadumu, lakini angalia kisigino kwanza!! Mimi niko Kabale, Uganda, huku asubuhi baridi inakung'ata vidole hata ndani ya gambuti, na nina pea moja jaja (bibi yangu) alinifumia, huu mwaka wa 5. Yeye anatumia zile sindano 5 fupi zenye ncha pande zote mbili, anazunguka tu mguu mzima kwa hiyo hakuna mshono wa kukukwaruza vidole kama zile za dukani. Akifika kisigino, mstari mmoja anafuma kitanzi kimoja anaruka kimoja, unaofuata anafuma vyote, uzi unapita nyuma ya vile alivyoruka, basi pale panakuwa panene ukigusa unasikia kabisa.

Sufu tupu ni laini ila inalika haraka chini ya mguu, tafuta uzi uliochanganywa na nailoni, ule wa asilimia 75 sufu na 25 nailoni ndio wa soksi. Na sufu hata ikilowa jasho bado inashika joto, pamba hapo inakuacha na mguu wa barafu.

Ah na usifue na maji moto jamani, yangu ya kwanza niliipika kwa beseni ikatoka saizi ya mtoto mchanga 😂 Ikitoboka usitupe, unafuma tu juu ya shimo na sindano ya kushonea.