Kiwanja cha Arusha kwa jina la rafiki

Ukivuka Namanga hadi unashuka stendi ya Arusha, hujakutana na lugha ngeni hata moja. Konda anakuita kaka, mama ntilie anakuelewa, na wakikucheka kwa Kiswahili chako cha Nairobi unaona ni utani wa ndugu. Hapo ndipo Wakenya wengi tunapoteleza. Nipo mji huu tangu 2013, na haupiti mwaka bila kupigiwa simu na kijana aliyehamishiwa hapa juzi tu: "Mzee, nimeonyeshwa ploti Moshono, milioni thelathini!" Shilingi yetu moja inacheza karibu na ishirini za hapa, kwa hiyo anagawanya kwa ishirini, anapata milioni moja na nusu, na usiku halali kwa furaha.

Mimi humuuliza swali moja tu: pasipoti yako ni ya nchi gani?

Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya mwaka 1999, kifungu cha 20, inasema asiye raia hagawiwi ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji unaotambuliwa na sheria ya uwekezaji. Nyumba ya kulala wewe, mke na watoto haimo. Ardhi yote ni ya umma, Rais ni mdhamini wake, na hata Mtanzania mwenyewe akipata hati anapewa haki ya kuikalia kwa muda, mara nyingi miaka 33, 66 au 99. Kwetu Kenya katiba ya 2010 inamruhusu mgeni kukodi ardhi hadi miaka 99, basi tunakuja na mazoea ya nyumbani. Wapo pia wanaoniambia, "Lakini si tuko Jumuiya ya Afrika Mashariki?" Itifaki ya Soko la Pamoja ipo, ilianza kutumika 2010, ila kifungu chake cha 15 kinaiachia kila nchi mambo ya ardhi kwa sheria zake. Makao makuu ya Jumuiya kuwa hapa Arusha hayakupi hata futi moja ya udongo.

Dalali atakuambia hayo yote yana dawa. Atakupeleka kwa mwenyekiti wa mtaa, mkataba wa mauziano upigwe muhuri, mashahidi waweke sahihi, na wewe utoke pale kifua mbele. Muhuri ule unashuhudia kwamba watu wawili walikutana wakapeana hela. Haukugeuzi raia. Ukiwa nje kidogo, upande wa Kisongo au Ngaramtoni, unaweza kukuta eneo ni ardhi ya kijiji, yenye sheria yake na halmashauri yake ya kijiji, na huko mlango wako ni mwembamba zaidi. (Moshi hata usiulize kihamba. Hilo ni shamba la ukoo, na Mchaga atakuuliza wewe ni mjukuu wa nani.) Dalali mwingine atasema fungua kampuni. Kampuni ambayo wanahisa wake wengi si raia, sheria inaihesabu kuwa mgeni vilevile.

Dawa ya tatu ndiyo niliyoimeza mimi.

Mwaka 2016 nilinunua kiwanja kilichopimwa, Olasiti, kwa jina la rafiki yangu wa kazini. Hela zangu, hati yake. Tukaandikishana kwa wakili karatasi ya siri kwamba yeye anashikilia tu, kiwanja ni changu. Nilijiona mjanja kuliko sheria. Halafu ikaja 2020, watalii wakakatika, na rafiki yangu, ambaye kwa wakati huo alikuwa ameshahamia kampuni ya utalii, akakaa nyumbani bila mshahara. Akaiweka hati rehani benki akakopa. Mkewe alisaini ridhaa, kila kitu kikaenda kwa utaratibu, maana kwenye vitabu vya msajili mimi sikuwepo kabisa. Nilipata habari siku kiwanja kilipotangazwa kupigwa mnada.

Nikakimbilia wakili mwingine na ile karatasi yangu. Aliisoma, akaikunja, akanirudishia. Mkataba ambao lengo lake ni kukwepa sheria ni batili, akasema. Ukiupeleka mahakamani unakwenda kujishtaki mwenyewe. Rafiki yangu si mwizi, nataka hilo lieleweke. Ananirudishia kidogo kidogo kupitia simu, wakati mwingine elfu hamsini, wakati mwingine kimya miezi minne. Bado tunasalimiana.

Kama mwenzi wako ni Mtanzania, hilo ni jambo jingine. Hati itakuwa ya kwake, lakini Sheria ya Ndoa ya 1971 inakataza nyumba ya familia kuuzwa au kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenzi. Kwa hiyo weka cheti cha ndoa mahali salama, na risiti za saruji pia.

Sisi wengine tunapanga, na kupanga kuna ufundi wake. Wenye nyumba wengi Arusha wanataka kodi ya miezi sita au mwaka mkupuo. Ukilipa hivyo unayo nguvu ya kudai mkataba mrefu, itumie. Bei iandikwe kwa shilingi, kwani tangu Machi 2025 kanuni zinakataza kutoza kwa dola hapa nchini. Kabla ya kusaini fanya upekuzi kwa msajili wa hati, uone nyumba ni ya nani kweli na kama iko rehani, kwa sababu benki ikiiuza unaweza kufungasha na mkataba wako mkononi. Mimi nina miaka kumi Njiro kwa mama mmoja Mmeru. Tuliandika kwamba nikijenga ukuta au kuchimba kisima, gharama zinakatwa kwenye kodi. Parachichi nililopanda tulisahau kuliandika, na sasa linazaa.

Na mkopo? Benki za hapa zinatoa mikopo ya nyumba, tena ya miaka mingi, lakini dhamana ni hati, ambayo huna. Kibali chako cha kazi kinatoka kwa miaka miwili, na kwa kawaida jumla haizidi mitano. Nani akukopeshe miaka kumi na tano? Wengi wetu tunakopa sako, yaani chama cha akiba na mikopo, ya nyumbani Kenya, tunajenga Nakuru au Kitengela. Ni sawa, ila ukilipwa kwa shilingi ya Tanzania na deni likiwa la Kenya, kila shilingi ya hapa ikishuka, marejesho yanapanda bila mtu kukuarifu. Mimi huweka kando marejesho ya miezi mitatu mbele, kwa shilingi za Kenya, siku ileile mshahara unapoingia.